Maswali ya Wasomaji: Usharika Wetu Unagawanywa, Nami Nina Hofu

Mwezi huu zimefika barua tatu zenye jambo moja ndani yake, nami nimeona vema kuzijibu pamoja. Ya kwanza itachukua nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu mama aliyeiandika ameeleza kwa uwazi kile ambacho wengi wetu hukificha nyuma ya maneno ya kikanisa.

Swali

Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji, na shikamoo.

Mimi ni mama mwenye umri wa miaka 63, mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri wa eneo la Magomeni hapa Dar es Salaam. Watoto wangu wanne wamebatizwa na kupata kipaimara katika kanisa hilo, na mume wangu aliagwa hapo hapo mwaka 2014. Usharika wetu una mtaa, yaani tawi la ibada lililo chini yake, upande wa Goba, ulioanza na familia chache zilizokuwa zikisali chini ya turubai, na leo mtaa huo una watu wengi kuliko sisi tuliobaki mjini. Imekuja barua kwamba kuanzia Januari mtaa huo utakuwa usharika kamili. Mwezi huohuo mchungaji wetu, aliyetutumikia kwa miaka 12, atahamishwa, na anayekuja ni kijana ambaye hata miaka 35 hajafikisha. Bado tunadaiwa na benki fedha za kumalizia ukumbi, na sehemu kubwa ya bahasha za ahadi hutoka kwa hao hao wanaoondoka.

Nilipouliza katika baraza la wazee kwamba deni hilo litalipwa na nani, nilijibiwa kwamba tumtegemee Mungu, na kwamba maswali ya namna hiyo ni dalili ya imani haba. Tangu siku hiyo nimenyamaza, lakini usiku sipati usingizi. Naogopa tutabaki wajane na wastaafu ndani ya jengo kubwa tusiloweza hata kulipaka rangi. Naomba unijibu bila kunibembeleza: je, hofu hii ni dhambi? Na je, kumtumaini Mungu maana yake ni kunyamaza?

Mama mzee wa kanisa, Magomeni

Jibu

Amina, mama, na marahaba.

Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa ndilo lililoniumiza nilipolisoma. Kumtumaini Mungu si kunyamaza, na aliyekujibu vile barazani, hata kama alikuwa na nia njema, alilitumia jina la Mungu kufunga mlango ambao Mungu mwenyewe hajaufunga. Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 kulitokea manung'uniko katika Kanisa la kwanza, kwamba wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Hilo lilikuwa suala la chakula na mgawanyo wake, jambo la hesabu kama hili lako. Mitume hawakuwaambia wale walionung'unika kwamba wamepungukiwa imani. Waliita mkutano wa wanafunzi wote, wakaeleza tatizo waziwazi, wakachaguliwa watu saba wa kulishughulikia, na ukisoma majina ya wale saba utaona kwamba yote ni ya Kiyunani, yaani kazi ilikabidhiwa kwa watu wa upande uleule uliolalamika. Kwa hiyo swali ulilouliza lina mahali pake katika Kanisa tangu mwanzo, nami nakusihi uliulize tena.

Sasa nije kwenye hofu yenyewe. Zaburi ya 56, ambayo kichwa chake kinaiweka katika siku ambazo Wafilisti walimkamata Daudi huko Gathi, ina mstari mfupi ambao nimewasomea wagonjwa na wafiwa mara nyingi: "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Daudi hasemi kwamba atamtumaini Mungu siku hofu itakapokuwa imekwisha. Siku ni hiyohiyo moja, hofu imo na tumaini limo, na mtu anayelala macho wazi kama wewe anaweza kabisa kuwa mtu anayemtumaini Mungu. Siiti hofu hiyo dhambi. Ninachokuomba ni kuitazama kwa karibu, kwa sababu hofu ikiachwa gizani hukua, na ikishakua huanza kuamua mambo kwa niaba yetu.

Unakumbuka habari za wale wapelelezi 12 katika Hesabu sura ya 13. Mara nyingi tunahubiri kana kwamba wale 10 walisema uongo na Yoshua na Kalebu peke yao ndio waliosema kweli. Soma tena polepole. Wote 12 walikaa siku 40 katika nchi ileile, wakaona kichala kilekile cha zabibu kilichobebwa na watu wawili juu ya mti, wakaona miji ileile yenye maboma na watu walewale warefu. Kalebu hakubishana nao kuhusu urefu wa kuta. Walipoachana ni pale ambapo wale 10 walifanya hesabu yote, wakaandika kila kilichokuwa upande wa adui, na upande wao wenyewe wakaandika kwamba walijiona kama mapanzi. Mungu aliyewatoa Misri hakuonekana popote katika hesabu yao. Ndiyo maana nakuambia kwamba kuuliza habari za deni hakukufanyi uwe miongoni mwa wale 10, kwani hata Kalebu angeliuliza. Tatizo lingekuja kama ungemaliza kuhesabu deni, bahasha na umri wa waumini, kisha ukafunga daftari ukisema kwamba hayo ndiyo yote yaliyopo.

Nimeisoma barua yako mara tatu, nami naona ndani yake hofu ambazo hazifanani, hata kama zinakuamsha saa ileile ya usiku.

Ya deni ni nyepesi kuliko unavyodhani, kwa maana kwamba ina dawa inayojulikana. Nehemia alipokuwa akiujenga ukuta wa Yerusalemu na adui wakakusanyika, sura ya 4 inasema kwamba walimwomba Mungu wao na kuweka walinzi mchana na usiku. Maombi na walinzi vimekaa katika sentensi moja, na hakuna aliyemwambia Nehemia kwamba mlinzi ni dalili ya imani haba. Walinzi wenu ni karatasi. Ombeni kabla ya Januari mkataba wa mkopo usomwe barazani, kiasi kilichobaki kitajwe pamoja na tarehe ya mwisho wa kulipa, na yawepo makubaliano ya maandishi kati ya usharika mama na usharika mpya kuhusu nani atalipa nini na kwa muda gani, yakiwa yamesainiwa mbele ya viongozi wa jimbo. Mali za makanisa yetu huwa chini ya Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa, kwa hiyo hakuna mzee mmoja wala mchungaji mmoja anayeweza kusema kwamba jambo hilo ni lake peke yake. Hesabu zilizokaguliwa zisomwe katika mkutano mkuu wa usharika, watu wa Goba wakiwa bado wamo ndani ya chumba, kwa sababu ukumbi huo waliuchangia na wengi wao watakuwa na moyo wa kuendelea kuchangia wakiombwa kwa heshima na mapema.

Nasema hivi kwa uchungu wa kujionea. Katika usharika mmoja niliouhudumia zamani tulikubaliana, wachache wetu, kutolitaja deni mbele ya waumini ili tusivuruge amani wakati wa kugawanya mitaa. Tuliita jambo lile hekima. Baada ya miezi minane mtunza hazina alisimama katikati ya matangazo akasema yote, watu wakajisikia wamedanganywa ndani ya nyumba ya Mungu, na ndugu wawili waliokuwa wakiimba sauti ya nne bega kwa bega tangu ujana wao hawakusalimiana tena hadi mmoja wao alipofariki. Nilikuwa mmoja wa walioficha. Nilikuwa naogopa, na hofu yangu ilivaa joho la utulivu, nami nimeomba msamaha kwa Mungu na kwa watu wale.

Kuhusu mchungaji mpya, naomba ufungue Yoshua sura ya 1. Inaanza kwa maneno magumu kuliko barua yoyote ya uhamisho: "Musa mtumishi wangu amekufa, haya basi, ondoka, vuka mto huu wa Yordani." Miaka 40 ya uongozi wa mtu mmoja imekwisha, na mto uko mbele yao. Kisha Mungu anamwambia Yoshua awe hodari na mwenye moyo wa ushujaa, na anarudia mara tatu ndani ya mistari michache. Mtu asiyeogopa hahitaji kuambiwa mara tatu. Lakini sehemu inayonigusa zaidi ni mstari wa mwisho wa sura hiyo, kwa sababu anayesema hapo si Mungu tena, ni watu. Wale waliomlilia Musa ndio wanaomwambia kiongozi wao mpya, "uwe hodari tu, na moyo wa ushujaa." Kijana anayekuja kwenu naye ana hofu zake, mama. Anajua kwamba atasimama katika mimbara ambayo sauti ya mwingine imekaa humo kwa miaka 12, na kwamba wazee wataanza sentensi zao kwa kusema, "Mchungaji aliyetangulia alikuwa anafanya hivi." Ingekuwa jambo jema sana kama wa kwanza kumpelekea neno lile la watu wa Yoshua angekuwa wewe, ambaye umri wako unatosha kuwa mama yake.

Inabaki hofu ya tatu, nayo nadhani ndiyo inayokunyima usingizi, ya kuachwa. Hii haina karatasi ya kuitibu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Tazama kwanza kilichotokea katika mji wetu. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hao zaidi ya milioni moja walioongezeka katika miaka 10 hawakupata nafasi Magomeni wala Kariakoo. Vijana walioana, wakatafuta kiwanja walichoweza kukilipia, wakakipata Goba, Kibamba, Chanika au Bunju, na daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016 wengine wakavuka kwenda huko. Kila Jumapili baba na mama wenye mtoto mgongoni walikuwa wakiamka alfajiri na kupanda daladala mbili ili wafike ibada ya kwanza Magomeni, wakati majirani zao wa Goba hawana kanisa la karibu la kuwapeleka watoto wao. Turubai lile lilifungwa na watu waliozaliwa kiroho katika nyumba yenu. Mama anayemwoza binti yake hulia machozi halisi siku ya harusi, na chumba cha binti kweli hubaki kitupu, lakini hakuna anayesema kwamba nyumba ile imeshindwa kulea. Nadhani hapo ndipo hofu yako inapokudanganya, kwa kulihesabu kama hasara tunda la kazi mliyoifanya.

Hata hivyo sitaki uyafute machozi haraka. Msingi wa Hekalu la pili ulipowekwa, Ezra sura ya 3 inasimulia kwamba wazee walioiona nyumba ya kwanza walilia kwa sauti kuu, na wengine wengi wakapaza sauti kwa furaha, hata watu wasiweze kutofautisha sauti ya furaha na sauti ya kilio. Mwandishi hawakemei waliolia. Vilio vyote viwili vilipanda mbele za Mungu siku moja, katika ibada moja. Pendekeza kwa baraza kwamba kabla ya Januari iwepo ibada ya shukrani ya usharika mzima, yasomwe majina ya wote waliotumika tangu mwanzo, pamoja na marehemu, mume wako akiwa miongoni mwao, kisha wazee wa Goba wapige magoti na kuombewa na wazee wanaobaki. Anayetaka kulia alie. Nimeona sharika zilizogawanywa kwa barua na sharika zilizogawanywa kwa ibada, na tofauti yake huonekana hata baada ya miaka 10.

Tena kumbuka kwamba Kanisa unalolipenda limeshawahi kupita katika maji marefu kuliko haya. Kazi ya Kilutheri hapa Dar es Salaam ilianza mwaka 1887 kwa mikono ya wamisionari Wajerumani, na kwa muda mrefu wengi waliamini kwamba bila Wajerumani hakuna Kanisa. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, wamisionari hao walikamatwa au kuondolewa. Walirudi, na Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 wakakamatwa tena na kuwekwa kizuizini, na wengi hawakuonekana tena hapa nchini. Walioamka asubuhi wakakuta nyumba ya misheni haina mtu walikuwa na haki ya kuogopa, kwani kazi nyingine zilisimama kweli, na misaada kutoka kwa Walutheri wa Marekani na Sweden haikuweza kuziba kila pengo. Lakini walimu na wainjilisti wenyeji waliendelea kufundisha kipaimara, kuzika wafu na kufungua makanisa Jumapili. Mwezi Juni mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana kuwa Kanisa moja, na wa kwanza kuliongoza alikuwa Askofu Stefano Moshi, Mwafrika. Nina hakika kwamba mwaka 1940 hakuna aliyekuwa ameliona hilo kwa macho. Walichokuwa nacho ni Jumapili iliyokuwa mbele yao, wakaifungulia mlango.

Neno la mwisho kwako, mama. Huenda ukiuliza yote hayo utakuta kwamba mpango wenyewe una kasoro, kwamba Januari ni mapema mno au kwamba makubaliano hayapo kabisa. Usidhani basi kwamba imani inakudai kukubali kila waraka unaoletwa. Mkutano wa Yerusalemu katika Matendo sura ya 15 ulikuwa na hoja nyingi kabla Petro hajasimama kusema, na uamuzi uliotoka humo wakauita uamuzi wa Roho Mtakatifu na wao. Roho huyo hakuchukizwa na hoja zao. Kama baraza litaona inafaa kuomba miezi sita zaidi, ombeni kwa barua yenye sababu. Na kama mtajibiwa kwamba tarehe haibadiliki, vukeni mkiwa mmekwisha kusema kweli.

Swali

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni kijana wa miaka 27, katibu wa vijana katika kanisa moja huku Mbagala. Sisi tunataka mabadiliko na wazee ndio wanaoogopa. Tumeomba ibada ya pili iwe ya vijana, yenye vyombo vya muziki, na sadaka zitolewe pia kwa simu kupitia lipa namba, lakini mwaka wa pili huu tunaambiwa tusubiri. Tumewasomea Isaya 43:19, "Tazama, nitatenda neno jipya," tukawaambia wazi kwamba wanaogopa kwa sababu hawamwamini Mungu. Baadhi yetu wamesema wataondoka mwezi ujao. Je, tumekosea wapi?

Katibu wa vijana, Mbagala

Jibu

Amina, mwanangu. Maombi yenu sioni kama yana ubaya wowote, nami ningekuwa katika baraza lenu ningeyaunga mkono. Mliteleza mlipochukua andiko hilo na kuwapiga nalo wazazi wenu.

Maneno ya Isaya 43 yalielekezwa kwa watu waliokuwa uhamishoni Babeli, waliopoteza Hekalu, mji na mfalme, na neno jipya analoliahidi Mungu pale ni njia jangwani ya kuwarudisha nyumbani. Ni ahadi kwa waliovunjika moyo. Ukiitumia kuwaaibisha wanaoogopa, umeigeuza ikawa kinyume cha kazi yake. Tena niruhusu nikuulize jambo kwa upendo: je, upande wenu hakuna hofu? Mnaogopa kwamba wenzenu watahamia kwenye makanisa yenye muziki mkubwa zaidi, mnaogopa kuonekana wa zamani, mnaogopa kwamba msipopata mwaka huu hamtapata kamwe. Kutishia kuondoka mwezi ujao ni lugha ya mtu mwenye hofu, ingawa hofu yake inakimbilia mbele wakati ya wazee inakimbilia nyuma.

Katika Hesabu sura ya 9 kuna habari za wingu lililokaa juu ya maskani. Likiinuka, Waisraeli walisafiri. Likikaa siku mbili, au mwezi, au zaidi, walibaki kambini. Naamini waliochoka kusubiri na waliochoka kukunja mahema walikuwepo wote, na wote walijifunza kutazama kitu kilekile badala ya kutazamana wao kwa wao. Kaeni na wazee mfunge pamoja siku moja, mkiomba juu ya jambo hili kabla ya kulijadili, na katika mjadala waulizeni wanachokiogopa hasa. Mtashangaa. Katika kanisa moja niligundua kwamba bibi aliyepinga sana sadaka za simu hakuwa na neno dhidi ya simu. Alikuwa na shilingi 500 zake alizozifunga kwenye pindo la kanga tangu Jumamosi, na furaha yake ya wiki nzima ilikuwa kutembea hadi mbele na kuziweka kapuni kwa mkono wake. Alidhani kapu litaondolewa. Alipoambiwa kwamba kapu litabaki, na kwamba mnada wa kuku na ndizi baada ya ibada utabaki pia, alikuwa wa kwanza kusema wavulana waruhusiwe.

Wazee nao, kama wanasoma hapa, wakumbuke jinsi ndugu zetu Wakatoliki walivyopitia badiliko kubwa kuliko gitaa. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965, Misa ilisomwa kwa Kilatini hata hapa kwetu, na wapo walioogopa kwamba utakatifu wake utapotea pamoja na lugha ile. Leo mama anayeuza samaki Feri anaielewa Misa neno kwa neno kwa Kiswahili chake. Ibada moja kwa mwezi ya majaribio, kwa muda wa miezi sita, halafu tathmini ya pamoja, haiwezi kuvunja kanisa lililojengwa juu ya Kristo.

Swali

Mchungaji, kanisa letu linahamia kwenye kiwanja kipya kwa sababu tulipo ni padogo na maji hujaa kila masika. Ndugu mmoja wa kikundi cha maombi amesema ameoteshwa kwamba watakaohama watapatwa na laana ya msiba ndani ya mwaka mmoja. Mama yangu ana miaka 78 na amekataa kwenda tena kanisani, huko kwa zamani wala kwa kupya. Nimsaidieje?

Binti, Jangwani

Jibu

Binti yangu, hili nitalijibu kwa ufupi kwa sababu Maandiko yamelijibu kwa ufupi. Kumbukumbu la Torati 18:22 linamzungumzia nabii ambaye neno lake halitimii, na kumalizia hivi: "kwa kujikinai amelinena huyo nabii, usimwogope." Na Paulo anatuagiza katika 1 Wathesalonike 5 tusitweze unabii bali tuyajaribu mambo yote. Ndoto hiyo haikujaribiwa na mtu yeyote. Mwambie mchungaji wako leo, amwite ndugu huyo pamoja na viongozi wa kikundi, wamsikilize kwa upole na kumzuia kuendelea kuisambaza, maana mtu wa miaka 78 atafiwa na rafiki au ndugu mwaka wowote ule, na atakapofiwa atadhani kwamba Mungu amemlipiza kwa sababu ya kuhama eneo la mafuriko. Hilo ni kumsingizia Mungu, nami sioni jina jingine la kuliita.

Mama mwenyewe usimhubirie sana. Msomee Warumi 8:15, jioni, kwa sauti ya kawaida: "Kwa kuwa hamkupokea tena roho ya utumwa iletayo hofu; bali mlipokea roho ya kufanywa wana." Mwambie mchungaji aje kumpa Chakula cha Bwana nyumbani wakati huu ambao hatoki. Kisha, akikubali, mchukue kwa bajaji siku ya kazi, wakati hakuna watu, umpeleke kwenye kiwanja kipya akione mwenyewe: mchanga, matofali, mahali mimbara itakapokuwa. Mwulize angependa kukaa upande gani. Ukimwona anatafuta kivuli cha alasiri na kupima kwa macho umbali wa kutoka mlangoni, mwambie fundi aandike.